Jumatatu asubuhi samaki wamelegea: anza na maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya Jumatatu. Kichwa kizito, mwili hautaki, foleni ya Morogoro Road inakusubiri. Unapita sebuleni, unawasha taa ya tangi, unakuta samaki wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufunga haraka haraka. Au mmoja amejibanza nyuma ya jiwe, mapezi yamebanana na mwili kama mwavuli uliokunjwa. Mkono wako unakwenda moja kwa moja kwenye chupa ya dawa.

Iache kwanza. Nimefuga samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam zaidi ya miaka kumi, na nimejifunza kwamba samaki anayeonekana mgonjwa Jumatatu, mara nyingi mambo yake yaliharibika Jumamosi au Jumapili, na yaliharibikia kwenye maji. Wikiendi ndipo tunaposugua tangi kupita kiasi. Ndipo wageni wanapokuja na watoto wao wakafurahia kuwamwagia samaki chakula. Ndipo tunaposafiri kwenda harusini au msibani na kumwachia mtu kopo lote la chakula bila maelekezo. Ndipo tunaponunua samaki wapya na kuwatia humo humo. Na siku hizo hizo ndizo zinazovuruga usingizi wetu, kwa hiyo asubuhi ile mgonjwa hajiwezi na mganga naye hajalala. Hapo ndipo mtu anapotia dozi mara mbili, au anamwaga maji yote, au anachanganya dawa tatu. Samaki ambaye angepona anakufa kwa tiba.

Dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani

Sikiliza filta: inavuma, na maji yanatoka kwa nguvu ile ile ya kawaida? Tazama mapovu ya pampu ya hewa. Soma kipimajoto. Nusa maji: tangi lenye afya linanuka udongo wa mvua, si shombo. Halafu hesabu samaki, mmoja mmoja. Akikosekana mmoja, mtafute nyuma ya mawe na ndani ya mimea, maana mzoga mdogo wa samaki aliyekufa Jumamosi unatosha kuchafua maji ya lita 50 kabla ya Jumatatu.

Ukiwa na kipimo cha matone, pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Vyote viwili vinatakiwa visome sifuri. Vikisoma chochote, hujafika kwenye ugonjwa bado. Uko kwenye sumu.

Huna kipimo? Badilisha robo ya maji, isizidi theluthi, kwa maji yaliyoondolewa klorini (dawa ya maji ya bomba) na yenye joto sawa na yale ya tangi. Ongeza hewa. Usiwalishe leo. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku mbili tatu bila chakula na hapati shida yoyote, na hatua hizo tatu hazigombani na karibu ugonjwa wowote nitakaoutaja hapa. Usimwage maji yote hata kama yanakuudhi. Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji huwa pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) imeshuka taratibu. Ukilijaza maji mapya kwa ghafla pH inaruka, na amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kali ndani ya saa hiyo hiyo.

Wanahema juu ya maji

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ina visababishi vinne vinavyofanana kwa mbali.

Cha kwanza ni upungufu wa oksijeni. Utaujua kwa saa yake: unakuwa mkali alfajiri, kisha samaki wanapata nafuu kadiri mchana unavyoingia, hasa kwenye tangi lenye mimea mingi, kwa sababu usiku mimea nayo inatumia oksijeni. Mwezi wa Februari sebule isiyo na kiyoyozi hapa pwani inapandisha maji hadi nyuzi 31. Maji matamu ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu. Na samaki akipata joto mwili wake unadai oksijeni zaidi. Tikisa uso wa maji: pandisha mdomo wa filta hadi maji yamwagike kutoka juu. Umeme ukikatika, chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu, rudia kila baada ya dakika chache. Pampu ndogo ya betri ni kitu cha kununua kabla ya chakula cha bei kali.

Kama umeme ulikatika kwa saa nyingi Jumapili na filta yako ni ile ya kopo lililofungwa, usiiwashe tu umeme ukirudi. Bakteria waliomo ndani wamekosa hewa, wengine wamekufa, na maji yaliyotuama humo yananuka. Ifungue, mwaga maji yale, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha iwashe.

Cha pili ni amonia. Hapa hali haibadiliki mchana, matamvua yanakuwa mekundu kama yamechubuka, na mara nyingi kuna jambo lililotangulia. Jambo langu mimi lilikuwa usafi. Jumapili moja nilitoa sponji zote mbili za filta nikazikamua chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe kabisa, nikaosha na changarawe yote kwenye beseni. Tangi lilipendeza. Jumatatu jioni maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na Jumanne asubuhi nilitoa samaki wanne aina ya moli waliokufa. Ule uteute wa kahawia niliouosha ndio uliokuwa uhai wa tangi: bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati ambayo ina madhara madogo zaidi. Klorini ya bomba inawaua. Kuwajenga upya kunachukua wiki 4 hadi 6, sawa na tangi jipya. Tangu siku ile naosha sponji moja tu kwa wakati, ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi, na ya pili inangoja wiki kadhaa.

Wafugaji wa siklidi, jamii ya samaki walio wengi katika maziwa yetu makubwa, wawe makini zaidi hapa. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa Ziwa Tanganyika tunawawekea maji ya pH ya juu kwa sababu ndiyo ya kwao, kwa hiyo kosa ambalo samaki mdogo kama gapi angelivumilia linawaua wao.

Cha tatu ni nitriti. Samaki anahema ingawa hewa ni tele, na matamvua yana rangi ya kahawia badala ya wekundu, kwa sababu nitriti inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mbali na kubadilisha maji, chumvi inasaidia kweli: kloridi iliyomo inaizuia nitriti isiingie kupitia matamvua. Gramu 1 kwa lita inatosha. Tumia chumvi ya mawe isiyo na viungo, iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, imimine kidogo kidogo ndani ya saa kadhaa. Baadhi ya mimea na samaki wasio na magamba hawaipendi, wachunguze wakati unaweka.

Cha nne ni klorini yenyewe, na hiki kinajitangaza: ndani ya dakika au saa chache baada ya kubadilisha maji samaki wanakimbia ovyo, wanaruka, kisha wanalegea. Maji ya bomba ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini inapaa. Lakini mahali ambapo mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hata ukiyaacha siku tatu haitoki. Utahitaji matone ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana shida hiyo ila yanaweza kuwa na chumvi nyingi na hewa kidogo, yapige pampu usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Vidoa vyeupe kama punje za chumvi

Kaa karibu na kioo, mwangaza ukitoka ubavuni. Kama kila kidoa ni kimoja kimoja, kimeinuka kidogo, kama mtu amemnyunyizia samaki chumvi laini ya mezani, na samaki anajisugua kwenye mawe, huyo ni kijidudu kinachoitwa Ichthyophthirius multifiliis. Mara nyingi kimeingia na samaki mpya wa Jumamosi, au kilikuwepo na kikapata nafasi baada ya samaki kushtuliwa na maji ya baridi.

Dawa si ngumu. Watu wanashindwa kwa sababu wanaacha mapema. Kile kidoa unachokiona ni kijidudu kikiwa chini ya ngozi ya samaki, na pale hakuna dawa inayokifikia. Kikishiba kinaanguka chini ya tangi, kinajifunika, kinagawanyika kuwa vijidudu mamia. Hivyo vinatoka kuogelea, vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki. Wakati huo peke yake ndipo dawa au chumvi inaviua. Sasa tazama mfugaji: anatia dawa Jumatatu, Jumatano vidoa vimeanguka, anashukuru, anaacha. Jumatatu inayofuata vimerudi mara kumi. Endelea siku 10 hadi 14, hata samaki akionekana safi.

Joto linaharakisha mzunguko huo na kukisogeza kijidudu kwenye dawa. Pandisha taratibu, nyuzi moja kila baada ya saa chache, hadi nyuzi 30 kama samaki wako wanavumilia, na hewa iongezwe. Samaki wa dhahabu usimpeleke huko. Ukiwa Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, na tangi halina hita, mzunguko unaoisha kwa wiki moja hapa pwani unaburuta kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo tiba nayo inarefuka. Toa mkaa kwenye filta kabla ya kutia dawa. Mkaa unainyonya yote.

Kama ni vumbi laini sana la rangi ya dhahabu, ambalo unaliona tu ukimulika tochi ya simu kutoka pembeni, huo ni ugonjwa mwingine na unaua haraka zaidi. Kijidudu chake kinatumia mwanga kama mmea, hivyo funika tangi kwa kitambaa kizito. Dawa zake nyingi zina shaba, na shaba inaua konokono na uduvi wote uliowafuga. Hamisha hao kwanza.

Samaki mpya akae peke yake wiki 2 hadi 4. Ndoo ya lita 20, pampu ya hewa na sponji ndogo iliyokaa ndani ya filta ya tangi kubwa, basi. Ushauri huu ndio unaopuuzwa kuliko wote.

Kitu kama pamba

Hapa tofautisha kabla hujagusa hita. Ukungu wa kweli ni nyuzi ndefu laini, unaota juu ya jeraha lililokuwepo. Lakini kama ni weupe mfupi wa kijivu kuzunguka mdomo, au alama pana mgongoni kama tandiko la punda, shuku bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Huyu anaweza kuua kwa siku moja au mbili, na joto linampa nguvu. Aliyezoea kupandisha joto kwa kila ugonjwa anampoteza samaki hapa. Mtenge mgonjwa, ongeza hewa, na mpigie daktari wa mifugo. Wapo wanaojua samaki, na wengi zaidi watakuelewa ukiwapelekea picha nzuri na vipimo vya maji. Vidonge vya antibiotiki vya binadamu vilivyobaki kabatini usivifungue kwenye tangi. Hujui dozi, utaua bakteria wa filta, na utawafundisha bakteria wengine kuizoea dawa.

Mapezi yameliwa

Pezi lililokatika kwa mkato safi limeng'atwa: tafuta mgomvi. Pezi lenye ukingo mweupe au mwekundu, linalomomonyoka bila mpangilio, linaoza. Maji safi peke yake, yanayobadilishwa robo kila siku mbili, yanaponya mengi ya hayo bila dawa.

Tumbo limevimba, au samaki anaelea kichwa chini

Samaki wa dhahabu wa umbo la duara anayeelea tumbo juu Jumatatu, uliza Jumapili alikula nini na nani alimlisha. Mnyime chakula siku mbili au tatu, kisha mpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa ganda, uiponde vipande vya kumtosha mdomoni. Mbuna kwa asili wanakwangua mwani kwenye miamba na utumbo wao ni mrefu. Ukiwalisha nyama ya moyo wa ng'ombe wanaweza kuvimba na kufa. Lakini ukimtazama samaki kutoka juu na ukaona magamba yamesimama yote kama jani la nanasi, figo zake huenda zimeshindwa kazi. Mtenge, mpe maji safi na utulivu. Wengi hawarudi kutoka hapo, na si haki kukuuzia matumaini ya chupa tano za dawa.

Dozi, na mtu anayeipima

Zidisha urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63, lakini toa changarawe, mawe na nafasi ya juu, umebaki na 50 hivi. Nimeandika namba hiyo kwenye kipande cha plasta, nimeibandika nyuma ya tangi, kwa sababu Jumatatu alfajiri siiamini hesabu yangu ya kichwa.

Uchovu wenyewe nao una chanzo cha kutafutwa. Ukilala Ijumaa na Jumamosi saa nane usiku na kuamka saa nne asubuhi, saa ya mwili imesogea. Jumapili unapanda kitandani saa nne, usingizi hauji hadi saa saba, na kengele inalia saa kumi na moja. Mwaka 2006 mtafiti wa usingizi Till Roenneberg na wenzake nchini Ujerumani waliieleza tofauti hii ya saa ya mwili na saa ya kazi, wakaifananisha na uchovu wa mtu aliyevuka kanda kadhaa za saa kwa ndege. Kulala sana Jumapili asubuhi kunaizidisha. Amka wikiendi ndani ya saa moja ya muda wako wa kawaida, toka nje upate jua la asubuhi, na kama usiku ulikuwa mfupi lala dakika 20 mchana badala ya kulala mpaka adhuhuri. Kahawa nayo: baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni Jumapili bado unacho kitandani. Kama uchovu hauishii Jumatatu, unakufuata wiki hadi wiki ingawa unalala vya kutosha, au una homa, nenda ukapime damu. Hilo si la kutibu kwa kahawa.

Na samaki hawana kope. Taa iliyoachwa ikiwaka usiku wa Jumamosi hadi Jumatatu imewanyima giza lao. Funga kifaa cha saa kwenye soketi, taa iwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku.

Badiliko lililonisaidia mimi na wao pamoja ni dogo: usafi wa tangi niliutoa Jumapili jioni nikaupeleka Jumamosi asubuhi. Kama nimekosea, kosa linajitokeza Jumapili nikiwa nyumbani na macho, siyo Jumatatu nikiwa mlangoni na viatu.

Jambo la mwisho ni mikono yako. Samaki anayekonda ingawa anakula, uti wa mgongo unapinda, vidonda haviponi, anaweza kuwa na Mycobacterium marinum, ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu. Kinaingia kwa binadamu kupitia mchubuko. Vaa glovu ukiwa na kidonda, usivute maji kwenye mpira kwa mdomo, na ukiota uvimbe kidoleni usiopona kwa wiki kadhaa, mwambie daktari kwamba unafuga samaki; asipojua hilo atatafuta kwingine. Aliyekufa mfukie. Usimtupe mtoni, wala maji yake.

Jumatatu jioni ukirudi, pima amonia na nitriti tena na uandike namba kwenye daftari karibu na ile ya asubuhi. Zikiwa zimeshuka na samaki wameshuka kutoka juu ya maji, badilisha robo nyingine kesho. Zikiwa sifuri tangu asubuhi na samaki bado anaumwa, sasa chukua ile chupa, usome lebo.